Palizi ya Kipande Namba Saba

Mimi siombi radhi kwa kupalilia. Hilo niliseme mapema, tusije tukapotezeana muda. Nimepalilia bustani ya manispaa miaka thelathini na mmoja, na mji mzima unaniita Bwana Wembe kwa jinsi ninavyokata ukoka na kunyoosha ua. Wakurugenzi sita wamepita pale, kila mmoja na makelele yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia bustani ni chafu. Mmoja alijaribu kulalamika kwamba waridi zimechelewa kuchanua. Nikamwambia aende akaziamuru yeye mwenyewe, na hakurudi tena.

Nina watoto wanne. Watatu wa kwanza hawajui tofauti ya jembe na mwiko. Wa nne, kitinda mimba wangu, alishika reki kabla ya penseli. Huyo ndiye niliyemlea pale bustanini, kati ya kitalu na bomba la maji, na huyo ndiye niliyempeleka chuo akasomee kilimo cha bustani. Miaka miwili, akaja na cheti chenye alama za juu. Nafasi yangu ilikuwa inamsubiri. Mimi nastaafu mwisho wa mwaka, na mkuu wa bustani alishanitamkia kwa mdomo wake kwamba hataki mtu mwingine, anataka mkono uleule.

Ndipo binti akaja nyumbani na habari kwamba anaendelea na masomo. Anaongeza diploma. Ya nini? Ya ikolojia ya urejeshaji.

"Ndiyo mdudu gani huyo?" nikamuuliza.

"Ni kurudisha uhai kwenye ardhi iliyoharibiwa, baba. Machimbo, madampo, vilima vilivyofyekwa mpaka vikabaki mifupa."

"Ardhi ikiharibika ina aliyeiharibu. Akairudishe yeye."

"Hairudishi. Ndiyo maana tunasoma."

Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Nyie wawili mtaniua kwa presha," alisema.

Tukaanza vita. Sisemi mabishano, nasema vita, maana mabishano yana mapumziko. Akiniona nakata ukoka wa mbele ya nyumba, anasimama mlangoni na kuniuliza nina ugomvi gani na nyasi. Nikimwona na viatu vyenye matope ya machimbo, namwambia avivue nje, hapa wanaishi watu. Siku moja mezani akanitolea neno ambalo mpaka leo likinijia nasaga meno. Alisema, "Bustani yako, baba, ni sebule. Hata kipepeo anaingia kwa kibali."

Nikamjibu, "Na wewe unasomea uchafu, tena kwa diploma."

Akachukua sahani yake akaenda kulia chakula chumbani. Tangu hapo tukawa tunaongea kupitia kwa mama yake. Tunaketi chumba kimoja, halafu binti anasema, "Mama, mwambie baba ameombwa na mkuu wa bustani ampigie simu." Na mimi najibu, "Mwambie nimesikia." Mama yake wala hakujisumbua kufikisha ujumbe, alituacha tupige kelele ukutani.

Ila kuna jambo moja alinieleza uso kwa uso, na sitaki mtu aje aseme sikuambiwa. Mkuu wa bustani alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mama yake akambana: utaichukua kazi ya baba yako au huitaki? Binti akanitazama mimi, si mama yake.

"Nikifaulu kipande changu, naondoka na wenzangu. Kuna machimbo mengine huko mbali yanasubiri watu, na kazi ipo. Nikifeli, nitachukua reki ya baba."

Kipande chenyewe kilikuwa kule kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, nje kidogo ya mji. Wachimbaji walichukua mawe yao wakaacha mteremko mweupe usioota hata kuvu. Chuo kikaukata mteremko ule vipande vya hatua ishirini kwa ishirini, kila mwanafunzi akapewa chake kwa miezi kumi na minane. Wa kwangu alipata namba saba. Mwisho wa miezi hiyo watahini wanakuja, wanapima, na alama zinatoka hapohapo. Kipande kikifeli hakuna diploma, na hakuna kurudia.

Sikuwahi kwenda kukiona. Nilikuwa na kiburi changu na nilikilinda. Aliyekiona ni mkata ua mwenzangu, jamaa mmoja mwenye upara na mdomo usio na breki. Alinikuta natia mafuta mashine ya kukatia nyasi.

"Bwana Wembe, jana nimepita machimbo."

"Ehe."

"Wenzake binti yako wana miche imesimama mistari. Kipande namba saba kina magugu mpaka kiunoni. Mbigili, nyasi za porini, sijui takataka gani. Na kibao pale mbele kina jina lako, maana ndilo ubini wake." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimemwonyesha shemeji yangu. Nikamwambia, huyu ndiye mtoto wa yule mzee wa ukoka."

Wewe fikiria. Miaka thelathini na mmoja, halafu jina langu liko kwenye kibao, mbele ya mbigili.

Ilikuwa Ijumaa. Watahini walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, na katikati binti alikuwa na mitihani ya kuandika, wiki nzima analala bweni. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini. Nikapakia toroli: jembe, uma wa bustani, reki, panga, kiberiti. Mlinzi wa machimbo ananijua tangu zamani. Nilimwambia nimekuja kumsaidia binti, naye akanifungulia waya bila swali.

Yule mwenye upara hakuwa ametia chumvi. Nyasi ngumu zilikuwa zimeota mafungu mafungu, hazina mpangilio. Katikati yake kulikuwa na mikunde ya porini inayotambaa, mbigili, na majani fulani yenye maua ya njano ambayo mimi nimeyafukuza bustanini maisha yangu yote. Matawi makavu yalikuwa yametupwa ovyo. Majani yaliyooza yamelala chini bila mtu wa kuyazoa, na mawe yamepangwa nusu duara nusu duara mithili ya michezo ya watoto. Vipande vya jirani vilikuwa na miche kwenye mstari. Mingi ilikuwa imekauka, lakini angalau ilikaukia kwenye mstari.

Nikavua shati nikaingia kazini. Na kwa kuwa nimeshasema siombi radhi, nitasema pia kwamba ilikuwa kazi nzuri. Gugu halikwanyuliwi juu juu kama unanyoa mbuzi. Unalegeza udongo kwa uma, unashika shina chini kabisa, unavuta kwa mgongo mpaka mzizi wa mwisho utoke, unakung'uta, unatupa kwenye biwi. Nikamaliza kipande kizima hivyo, safu kwa safu. Nikazoa matawi. Nikavunja zile nusu duara za mawe na kuyapanga pembeni, mstari mmoja ulionyooka. Nikakatua ardhi yote kwa jembe, chini ikaja juu, nikapiga reki. Biwi nikalichoma moto, maana magugu yana mbegu na mbegu hazina huruma. Majivu nikayabeba kwa toroli mpaka jalalani. Kufika saa kumi na moja jioni, kipande namba saba kilikuwa kinang'aa kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule.

Sikumwambia mtu, hata mama yake. Wiki nzima jua liliwaka bila hata wingu.

Jumamosi nikavaa suti, nikamwambia mama watoto twende tukaone mtihani wa mwanao. Alinitazama kwa mashaka lakini akajifunga kilemba akaja. Tulifika mapema. Alipoona kibao na ardhi tupu nyuma yake, akaniuliza, "Kwani hakupanda kitu?" Nikajitia hamnazo.

Gari la chuo likafika. Alishuka mwalimu wa udongo, mama mfupi mwenye kofia ya jua, halafu mtahini wa nje, mwanamume mrefu anayekumbatia faili utadhani litaibwa, halafu wanafunzi. Binti alishuka wa mwisho, anacheka na mwenzake. Akageuza shingo, na kicheko kikakatika.

Hakupiga kelele. Alipita katikati yetu bila kutuamkia, akapiga magoti katikati ya kipande, akachota udongo. Ukamwagika wote kati ya vidole, vumbi tupu. Akachota tena pengine, na pengine tena, akitembea kwa magoti, huku watu wote wamesimama wanamwangalia.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nimekusafishia."

Akainuka. "Umenisafisha kweli, baba. Umenisafisha mpaka mfukoni."

"Wewe, chunga mdomo. Hapa palikuwa na mbigili mpaka kiunoni! Na jina langu liko pale! Watu wanapita wananicheka!"

"Mbigili niliipanda mimi!"

"Nani mwenye akili timamu anapanda mbigili?"

"Mtu anayejua kwamba mbuzi hawaili! Niliizungusha kando ya mikunde ili mikunde ikue salama!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na sauti ilikuwa yangu mimi, ileile ninayowapigia vibarua. "Aina thelathini na nane, baba. Nilitembea mwaka mzima kwenye kingo za barabara naokota mbegu moja moja. Yale mawe yalikuwa yanashika maji ya mvua. Yale majani yalikuwa yanaoza ili pawe na udongo, maana hapa hapakuwa na udongo, palikuwa na kokoto! Umevichoma?"

"Magugu yanachomwa."

"Mama," akasema, akigeuka, "mwambie baba asiniongeleshe tena."

Mama yake akaketi juu ya jiwe akajifunika uso kwa upande wa kilemba. Wanafunzi wakawa wanatazama viatu vyao.

Mtahini wa nje akafungua faili. Alisema anasikitika, lakini kanuni ni kanuni. Daftari la binti lina vipimo vizuri, ila cha mwisho kilitakiwa kuchukuliwa leo mbele yao, na ndicho chenye uzito. Mwezi uliopita mizizi ya mikunde ilikuwa bado michanga, haijaonyesha chochote. Leo hakuna cha kupima. Atalazimika kuandika sifuri.

"Kuna fomu ya uharibifu," akasema mwalimu wa udongo. Akaitoa kwenye mkoba akampa binti kalamu.

Binti aliijaza akiwa amechuchumaa, karatasi ikiwa juu ya goti. Mwalimu akaisoma kwa sauti ili mtahini asikie. Tarehe. Namba ya kipande. Chanzo cha uharibifu: kulikuwa na visanduku vya moto, mifugo, mafuriko, wizi, na mengineyo. Binti alikuwa ametia alama kwenye mengineyo, na mbele yake ameandika neno moja. Mwalimu akalisoma.

"Baba."

Nimeitwa majina mengi kazini, mengine siwezi kuyaandika hapa. Hakuna lililowahi kuniuma kama hilo. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto, na nilikuwa na hasira vilevile, yote mawili kwa pamoja. Nikageuka niondoke.

"Mzee," akasema mwalimu wa udongo, akiwa sasa amenigeukia mimi. "Kanuni inaruhusu kumsikiliza mtu mwingine aliyeuona udongo siku za mwisho kabla haujaharibiwa. Aliyeuona ni wewe peke yako. Nimeambiwa una miaka thelathini na mmoja kwenye kazi hii, kwa hiyo sitakufundisha la kusema, na sitakuuliza mara mbili. Siku ulipokuwa unang'oa, udongo ulikuwaje?"

Kila mtu akanitazama isipokuwa binti yangu, aliyekuwa anatazama pembeni, kwenye ule mstari wangu wa mawe.

Hapa inabidi ninyooshe maelezo, maana nilipokuwa nasimulia habari za Jumatatu niliruka kitu. Nilisema nilivuta, nikakung'uta, nikatupa. Sikusema nilichokuwa nakikung'uta. Ulikuwa udongo mweusi, na wenye unyevu, kwenye mteremko wa kokoto ambao haukuwa umeona mvua siku kumi na tano. Ulikuwa unashikana kiganjani. Mizizi ya ile mikunde ilikuwa na vinundu, vingi, na nilipokipasua kimoja kwa kucha ndani kilikuwa chekundu. Mtu yeyote wa bustani anajua maana yake: mmea unajipikia chakula, na unabakiza cha kuwapa majirani. Chini ya majani yaliyooza kulikuwa na minyoo. Minyoo, kwenye machimbo! Mimi nimebeba mbolea kwa malori miaka na miaka kupata udongo wa namna ile kwenye vitanda vya waridi, na huyu mtoto aliutengeneza kwa mbegu za kuokota barabarani.

Niliona yote hayo, nikaendelea kuvuta.

Na sasa nilikuwa nimesimama pale na suti yangu, na kilichotakiwa ni neno moja tu. Mkavu. Ningesema ulikuwa mkavu, vumbi tupu, na hakuna ambaye angenibishia, maana ushahidi nilishauchoma. Mtahini angeandika sifuri yake. Binti angenichukia mwaka, labda miwili, lakini angenichukia akiwa palepale kwenye bustani yangu, ameshika reki yangu, na jioni angerudi nyumbani. Hasira hupoa. Mtu aliyekwenda mbali ndiye asiyerudi. Nilikuwa nimeyapiga mahesabu hayo kabla mwalimu hajamaliza swali, na nisijifanye mtakatifu, neno lilishafika kwenye ulimi.

Lakini mimi nimewasingizia watu wengi maishani mwangu, wakubwa kwa wadogo. Udongo sijawahi kuusingizia.

"Ulikuwa mweusi," nikasema. "Ulikuwa na unyevu kuanzia kina cha kidole kimoja kwenda chini. Ukiufinya unashikana, ukiuachia hauvunjiki. Mizizi ya mikunde ilikuwa na vinundu kutoka juu mpaka chini, vyekundu ndani. Minyoo ipo, hasa upande wa chini kwenye yale mawe. Sehemu ya juu kulia ilikuwa bado nyepesi, pale angehitaji msimu mwingine. Kwingine kote ulikuwa hai."

Mtahini wa nje alikuwa anaandika haraka haraka. Akaniuliza kina cha mizizi, nikamwonyesha kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Akauliza rangi ya udongo wa chini, nikamwambia. Akauliza harufu, nikamwambia. Kila jibu alilinganisha na daftari la binti, kipimo kwa kipimo, na kila mara mwalimu wa udongo alitingisha kichwa kukubali. Mwishowe mtahini akafunga faili akamwambia binti yangu kwamba maelezo ya shahidi yanaoana na mwendo wa vipimo vyake, na kwamba kwa miaka yote aliyotahini hajapewa maelezo ya udongo yaliyonyooka namna hiyo. Kipande kimefaulu.

Wenzake wakamrukia kwa vigelegele. Mama yake akainuka kwenye jiwe analia na kucheka. Mimi nikabaki peke yangu upande wa pili wa kipande. Nilifurahi kweli, nakiri, na nikaanza kufikiri kwamba labda sasa yamekwisha, kwamba atakuja, atanisalimia, tutarudi nyumbani pamoja.

Akaja kweli. Alijitoa mikononi mwa wenzake, akavuka ardhi niliyoipiga reki, akasimama mbele yangu karibu kabisa. Hakuwa na hasira tena usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

Nikajikung'uta vumbi kwenye suti.

"Nilikuwa najiambia baba hakuelewa. Tangu nishuke kwenye gari najiambia hivyo. Mzee wa ukoka, ameona majani, ameng'oa, hajui. Ningekusamehe hilo mwaka huu huu." Akaitazama mikono yangu. "Ulipasua mpaka vinundu ukaangalia ndani."

"Mwanangu, nimesema ukweli. Umefaulu."

"Nimesikia. Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu hivyohivyo ulivyomjibu yeye. Ulijua kwenye shina la ngapi?"

Nilitazama chini, kwenye alama za meno ya reki yangu zilizokuwa bado zinaonekana ardhini, zimenyooka vizuri kutoka mwanzo wa kipande mpaka mwisho.

"La kwanza," nikamwambia.